Mbu wa Lung Kiu na karatasi yenye neno "yang"

Saa moja kasorobo asubuhi, na Mak Kwai-ying ameshakasirika.

Mlango wa ukumbi wa ukoo wa Kwan umefunguliwa bawa moja tu, lakini foleni imeshazunguka bwawa la samaki na kurudi. Ni watu themanini na wawili, na wengi wao hawajatia kitu mdomoni tangu jana jioni. Hakuna aliyewaambia wafunge. Tangazo lililobandikwa mlangoni, kwa maandishi yanayosomeka kutoka ng'ambo ya bwawa, linasema: KULENI KWANZA.

"Nimeandika kuleni. Wiki nzima nimepita na kipaza sauti nasema kuleni," anasema huku akipanga vichupa vyake mezani. "Sasa akianguka mmoja hapa, mtasema Mbu kamnyonya mtu mpaka kazimia."

Mbu ni yeye mwenyewe. Ana miaka hamsini na tatu, muuguzi wa kituo cha afya cha mji mdogo wa Lung Kiu, mkoani Guangdong, na kwa miaka ishirini na sita amezunguka vijiji vya hapa na pikipiki ya umeme, kasha la baridi nyuma, akichukua watu damu. Wazee wanamwita Ying. Wengine wanamwita Dada Ying. Akigeuka mgongo, wote wanamwita Mbu.

"Mbu ana heri," hulalamika. "Akishashiba anaondoka. Mimi nikishachukua damu ndiyo kwanza naanza kuwakimbiza."

Mezani kuna kadi za foleni. Ya kwanza imechukuliwa, ya pili, ya tatu, ya tano, ya sita. Ya nne imebaki peke yake kama sahani ya mgeni asiyekuja. Kwa matamshi ya hapa nne inafanana mno na kufa, na hakuna mtu atakayekubali kukaa kwenye kiti cha saratani akiwa ameshika kifo mkononi.

Namuuliza kwa nini asiitupe tu.

"Kadi zimetoka wilayani, zimehesabiwa," anajibu. "Ikipungua moja naandika maelezo. Nilishawahi kuandika. Kurasa mbili, ndugu yangu, kueleza nne imekwenda wapi."

Anayekaa wa kwanza ni bibi kizee mwenye koti la pamba, ambaye anatazama kichupa kwa uchungu wa mtu anayeibiwa.

"Chote hicho unajaza?"

"Chote, bibi."

"Hiyo ni bakuli tatu za supu ya maini. Nani atanirudishia?"

"Mkwe wako. Mwambie Mbu kasema. Kunja ngumi."

Damu hii inakwenda kutafuta kitu kimoja. Katika bonde hili la mito hakuna ukoo usiokuwa na mtu wake aliyeondoka na saratani ya nyuma ya pua, pale juu ambapo pua inakutana na koo. Ni mahali pa kujificha. Uvimbe unaweza kukaa humo miezi na miezi bila kuuma, mwenyewe akidhani ana mafua yasiyokwisha au sikio lililoingia maji, mpaka siku anapogusa shingo na kukuta tezi ngumu.

Ila damu huwa inasema mapema. Kuna kirusi kinachoitwa Epstein-Barr, ambacho karibu kila mtu mzima anacho na kimelala tu. Kwa baadhi ya watu kingamwili dhidi ya kirusi hicho hupanda kwenye damu, na hiyo ndiyo ishara kwamba pua iangaliwe kwa mpira mwembamba wenye kamera. Haina maana kwamba mtu ana saratani. Wala haina maana kwamba hana.

"Ni harufu ya kuungua jikoni," Ying huwaeleza watu, na nadhani amelieleza hilo mara elfu kumi. "Labda ni ukoko tu wa wali. Labda nyumba inawaka. Lakini unanyanyuka ukaangalie! Hukai sebuleni unasema, mbona inanukia vizuri."

Daftari lake la mwaka jana linaonyesha watu 2,316 waliotoa damu. Waliokutwa ishara imepanda ni sabini na mmoja. Waliokubali kwenda hospitali ya wilaya kuangaliwa pua ni hamsini na wanane, na wanne kati yao walikuwa na saratani, yote bado changa, yote ya kutibika.

"Sasa sabini na moja toa hamsini na nane," ananiambia, akinikazia macho kana kwamba mimi ndiye niliyewaficha. "Kumi na tatu. Hao ndio wanaonizeesha. Si kazi, si mshahara wa yuan elfu nne na mia sita, si mafuta ya mgongo ninayojipaka kila siku. Ni hao."

Ukimuuliza kosa ni la nani, hasemi la watu. Anasema ni la neno moja.

Hospitali inapotuma majibu, hutuma karatasi yenye majina, namba, na neno la mwisho kwa herufi nzito. Ishara ikiwa haipo, neno ni "yin". Ikiwa imepanda, neno ni "yang". Hivyo ndivyo madaktari wanavyoandika, na wanaelewana wenyewe kwa wenyewe.

Lakini muulize mtu yeyote wa Lung Kiu yang ni nini. Yang ni jua. Yang ni joto la mwili, nguvu za mwanamume, upande wa mlima unaopata mwanga. Yin ni kivuli na baridi, na ni huko walikokwenda waliokufa. Ukimpa mkulima wa miaka sitini karatasi ya serikali inayosema ana yang, unategemea alie?

Miaka kumi na moja iliyopita, Ying alimkabidhi karatasi ya namna hiyo Pun Siu-lin, mwanamke aliyekuwa akiuza tambi karibu na soko la mbogamboga. Siku hiyo alikuwa na karatasi arobaini za kugawa na mvua ilikuwa inanyesha. Alimwambia, "Soma vizuri, halafu njoo kituoni." Siu-lin alisoma vizuri. Akafurahi. Aliwaambia wateja kwamba katika umri wake bado ana yang, basi mume wake ajihadhari.

Alikuja kituoni baada ya miezi kumi na minne, akiwa na uvimbe shingoni wa ukubwa wa yai la kware.

"Akaniambia, 'Dada Ying, si ulisema nina yang?'" Ying anafunga mpira kwenye mkono wa mtu mwingine, anachoma, anangoja damu ijae. "Mimi sikusema. Karatasi ndiyo ilisema. Lakini mkono uliompa ulikuwa wangu."

Siu-lin alifariki mwaka uliofuata. Tangu hapo Ying ameandikia hospitali ya wilaya barua tisa akiomba neno libadilishwe, liwekwe neno la kawaida ambalo mtu akilisoma atavaa viatu na kuja. Barua nane hazikujibiwa. Ya tisa ilijibiwa. Walisema "yang" ndilo neno sahihi la kitaalamu, ila kwa kuzingatia maoni yake wameongeza ukubwa wa herufi.

Wameongeza ukubwa wa herufi! Mimi siyo muuguzi, na bado niliposoma barua hiyo nilitamani kuitafuna.

Kwa kuwa wakubwa hawakusaidia, alijaribu akili yake mwenyewe. Alinunua kalamu nyekundu na kwenye kila karatasi yenye "yang" akaandika jina la mtu upya, kubwa, na chini yake: NJOO KITUONI. Hakufikiri. Alikuwa amechoka, na nyekundu ilikuwa inaonekana vizuri.

Jina la mtu aliye hai haliandikwi kwa wino mwekundu. Mtoto wa darasa la kwanza anajua hilo hapa. Ni kumkata mtu, ni kumhesabu na wafu. Ndani ya siku mbili watu sita walifika kituoni, na Ying alipowaona alidhani mbinu imefaulu. Walikuwa wamekuja kumtukana.

"Mzee mmoja alirusha kikombe," anasema. "Lakini sita wote walikuja, uliona? Wakati wananitukana nikawaandikia na siku ya kuangaliwa pua." Anacheka kwa mara ya kwanza asubuhi hii, na hata kicheko chenyewe kina ukali.

Kalamu aliifungia mtotoni mwa meza. Akanunua ya kijani.

Halafu ikaja corona, na Ying akaona angalau kheri moja katika balaa lile: nchi nzima ilijifunza yang ni nini. Kila siku watu walichomekwa kijiti puani, kila siku yin, yin, yin, na siku ikitoka yang watu walijua kuna jambo. Hata bibi vizee waliacha kuifurahia. Akasema moyoni, haya, sasa nitapumzika.

Hakupumzika, na aliyemwonyesha hivyo ni Kwan Yiu-tong.

Yiu-tong ana miaka hamsini na minane na duka la bata bukini wa kuchoma mkabala na daraja. Anachomea kuni za mlichi, mti wa matunda wa huku, anafunga duka siku tatu tu kwa mwaka, na kwa sauti yake ya kuita wateja unaweza kujua ni saa ngapi. Mwaka jana mwezi wa nne alitoa damu katika ukumbi huu huu, kwa sababu mkewe, Fong, alimleta akimshika mkono wa shati. Wiki tatu baadaye karatasi ikasema yang.

Ying alimpigia simu. Alimkuta mtu mwenye furaha zake.

"Ndiyo, nimeona, yang," Yiu-tong alisema. "Usijali, Dada Ying. Nilishakuwa yang wakati ule. Siku tano, maji ya tangawizi, jasho, kwisha. Hii nayo itapita."

"Hii siyo ile, Kaka Tong."

"Yang ni yang."

"Siyo yang hiyo! Hii haipiti kwa tangawizi. Sikio lako vipi?"

"Unasemaje?"

"SIKIO!"

"Aa, limeziba tu. Moshi. Miaka thelathini nachoma bata, unategemea masikio yangu yawe ya mwimbaji?"

Waswahili tunasema sikio la kufa halisikii dawa. Huwa tunasema kwa mafumbo. Ying alikuwa amelipata lenyewe hasa, la kushoto, limeziba miezi minne.

Siku ya nne baada ya simu hiyo ikaingia picha kwenye simu yake. Ilikuwa picha ya kipimo cha nyumbani cha corona, vile vilivyobaki kwenye madroo ya watu wote, kikiwa juu ya ubao wa kukatia nyama. Mstari mmoja. Chini Yiu-tong alikuwa ameandika: "Nimepima pua mwenyewe. Yin! Nimepona. Njoo ule bata."

Ying anasema aliiangalia picha ile mpaka chai yake ikapoa.

"Nikajiuliza, nianzie wapi? Kipimo cha ugonjwa mwingine. Kimekwisha muda wake mwaka juzi, tarehe inaonekana pale pembeni. Kimeingizwa kwenye pua ileile ninayotaka kuiangalia, nusu kidole tu kutoka mlangoni, na mtu anakuja kunipa pongezi!"

Alikwenda dukani mara ya kwanza akamweleza taratibu. Yiu-tong alimsikiliza kwa sikio zima, akamfungia paja la bata, akasema atakuja wiki ijayo. Wiki ijayo kulikuwa na harusi tatu za kuchomea. Alikwenda mara ya pili, akajaribu kumkamata kwa kazi yake mwenyewe.

"Unajuaje bata ameiva?" alimuuliza.

"Namwinamisha, naangalia mchuzi unaotoka tumboni. Ukiwa na damu, namrudisha motoni."

"Huangalii ngozi tu?"

"Ngozi inadanganya."

"Ehee! Basi mimi mchuzi wako nimeuona, na si mzuri. Nataka niangalie ndani."

Wateja wakacheka. Yiu-tong akatafakari, akapangusa panga lake. "Tofauti ni kwamba bata ameshakufa, Dada Ying. Mimi bado."

Mdogo wake, Yiu-wah, ambaye hukata nyama upande wa pili wa meza na hana kazi kubwa kuliko kutania, akadakia: "Mwache kaka. Huyo Mbu anataka kumwangalia puani kwa sababu amekosa bwana wa kumwangalia usoni." Ying ni mjane. Duka zima likaangua kicheko, na akatoka na mfuko wake wa bata ambao hakuuomba.

Wakati huo daktari mwenye mpira wa kamera alikuwa anakuja wilayani Ijumaa moja kwa mwezi, na mwezi wa saba asingekuja kabisa. Ikipita Ijumaa ya mwezi wa sita, Yiu-tong angengoja mpaka wa nane. Ying alikuwa ameshahesabu miezi ya namna hiyo mara moja, kwa Siu-lin. Fong naye alimpigia akinong'ona kutoka chooni kwake: asubuhi mumewe akipenga kamasi kunatoka michirizi ya damu, na amemkataza kumwambia mtu.

Ilikuwa Jumatano, saa sita kasorobo, foleni ya chakula cha mchana imefika daraja. Ying aliingia dukani bila kupanga foleni. Karatasi ya majibu ilikuwa imebandikwa ukutani kando ya bei za siku hiyo, kwa kuwa Yiu-tong alikuwa ameifanya kichekesho cha duka. Aliibandua. Akaiweka juu ya kioo cha meza. Akatoa kalamu nyekundu.

"Unafanya nini?" Yiu-tong aliuliza.

"Naandika jina lako."

"Kwa kalamu hiyo?"

"Kwa hii. Kama huji Ijumaa, acha niandike sasa hivi, nisije nikasumbuka baadaye."

Akaanza. Waliokuwepo wanasema walisikia hata mafuta yakidondoka kutoka kwa bata waliotundikwa. Mwanamke mmoja alimfunika mtoto wake macho. Ying aliandika Kwan, jina la ukoo, pigo kwa pigo, bila haraka. Akainua kalamu ili aanze Yiu.

"Acha!" Yiu-tong alipiga panga kwenye ubao. "Acha, mwanamke mchawi we! Nitakuja! Nitakuja Ijumaa, na nikitoka huko sitaki kukuona tena mlangoni kwangu!"

"Saa mbili na nusu asubuhi," Ying alisema. "Na usile."

Safari hii kufunga kulitakiwa kweli, kwa sababu ya ule mpira wa kamera. Ijumaa Yiu-tong alikuja ameshiba uji wa wali na vitumbua viwili. Daktari alifoka, lakini akafanya.

Uvimbe ulikuwa nyuma ya pua upande wa kushoto, mdogo kuliko punje ya karanga. Kijinyama kilikatwa, kikapimwa, ikawa ndiyo yenyewe. Haikuwa imeshuka shingoni. Yiu-tong alipigwa mionzi wiki sita na nusu katika hospitali kubwa ya mjini, na duka likabaki kwa Yiu-wah, ambaye inasemekana aliunguza bata wengi kuliko aliouza.

Na Ying? Mama wa Yiu-tong, mwenye miaka themanini na minne, alipeleka malalamiko kituoni kwamba muuguzi amemtabiria mwanawe kifo mbele ya watu. Mkuu wa kituo alimwita Ying, akampa onyo la maandishi, akamtaka aombe radhi kwa barua. Aliiandika. Nimeiona nakala yake. Ameomba radhi kwa wino, kwa foleni aliyoiruka na kwa mwanamke aliyemfunika mtoto macho. Kwa Ijumaa hakuomba.

"Ilikuwa vibaya," ananiambia, bila kuinua macho kutoka kwenye mshipa anaoutafuta. "Sijivunii. Mtu mzima, unamtisha kama mtoto. Lakini niambie wewe mwandishi, ningefanya nini? Miaka tisa naomba neno moja. Neno moja! Wangeandika 'njoo', mimi nisingehitaji uchawi."

Saa tatu na robo. Foleni imefika namba sitini na moja. Hakuna aliyezimia, jambo ambalo Ying analichukulia kama dharau. Kadi namba nne bado iko mezani. Na mlangoni mwa ukumbi, akiwa amekonda, kola ya shati imekuwa pana shingoni, chupa ya maji mkononi, anaingia Kwan Yiu-tong.

Hawajazungumza tangu siku ile ya kalamu, miezi kumi. Fong ndiye aliyekuwa akileta habari.

Nyuma yake yuko Yiu-wah, aliyeshikwa mkono wa shati.

Yiu-tong anapita foleni nzima bila kumwangalia mtu. Watu wanaguna, hakuna anayemzuia. Anaweka karatasi mbili mezani. Moja ni mpya, imetoka jana. Baada ya mionzi huwa wanapima tena damu, na safari hii wanatafuta chembe za kirusi chenyewe. Zikionekana, huenda ugonjwa unarudi. Nyingine ni kuukuu, ina doa la mafuta ya bata na neno Kwan kwa wino mwekundu.

"Mama yangu analia tangu jana," anasema. Sauti imekwaruzika, siyo ile ya kupigia saa. "Jirani kamsomea imeandikwa yin. Ameshachoma ubani. Anasema nimeshafika kuzimu, nimerudi kuaga."

Ying anasoma karatasi mpya. Anaisoma tena. Anafumba macho kidogo, kisha anayafumbua kwa hasira.

"Yin ndiyo nzuri, Kaka Tong."

"Mimi najua ni nzuri! Kamwambie yeye!"

"Karatasi ndiyo ingemwambia!" Ying naye anapandisha. "Hata mtu akipona hawawezi kusema amepona. Mtu anapona, wanamtoa mama yake machozi!"

Anavuta mtoto wa meza. Kuna mhuri mpya humo, wa mpira, aliochongewa na fundi wa sokoni mwezi uliopita. Kituo hakijauruhusu. Wilaya haijui kama upo. Anaugandamiza kwenye kidau cha wino wa buluu, anaupiga juu ya "yin", na maneno yanatokea makubwa kiasi kwamba hata mimi nayasoma nikiwa nimesimama: HAKUNA KITU. NENDA KALE.

Yiu-tong anayaangalia kwa muda. Anafungua chupa yake, anakunywa funda moja, kwa sababu mionzi ilimkausha mate na hawezi kusema maneno mengi bila maji.

"Nile nini?" anauliza. "Bata wangu mwenyewe ananishinda kumeza. Nachoma kwa kunusa tu."

"Kula uji. Usinisumbue."

"Uji hauna ladha."

"Itarudi. Polepole. Na isiporudi yote, utakula hivyohivyo."

Anaguna. Kisha anaisogeza ile karatasi kuukuu, yenye jina la ukoo kwa wino mwekundu, mpaka chini ya mkono wake. Ying anadhani anataka ifutwe, anatafuta kalamu nyeusi. Yiu-tong anatikisa kichwa.

"Iache. Niliificha chini ya mto wodini. Kila walipoingia kunichukua kwa mionzi nilikuwa nakutukana wewe kwanza, ndipo naenda." Anamgeukia mdogo wake, ambaye amesimama akiangalia dari la ukumbi, mahali penye vibao vya majina ya mababu. "Huyu hajawahi kutoa damu. Ndugu wa tumbo moja, na daktari alisema ndugu ndio wa kwanza kupimwa. Miezi kumi namwambia. Leo anasema kadi zimekwisha."

"Zimekwisha kweli," Yiu-wah anasema haraka. "Ya mwisho ni themanini na tatu. Nimeuliza."

"Imebaki moja," anasema Ying.

Wote wanaiangalia.

"Kaka, hiyo hapana," Yiu-wah anasema, na kwa mara ya kwanza hakuna utani. "Dada Ying, nisamehe ile ya bwana. Hiyo hapana."

Yiu-tong ananyoosha mkono, anaichukua namba nne, anaitia kwenye mfuko wa shati la mdogo wake, anaupiga mfuko kofi.

"Jina letu sote ni Kwan," anasema. "Limeshaandikwa nyekundu, na mimi huyu hapa. Kaa."

Yiu-wah anakaa.

Ying anamfunga mpira juu ya kiwiko. Baada ya miaka miwili atastaafu. Namuuliza, maana gazeti hupenda kujua, ana mpango gani kabla ya siku hiyo. Anasema ameshaanza barua ya kumi. Safari hii ataibandika karatasi ya Yiu-tong yenye mhuri, waone wenyewe. Wakikataa, mhuri utabaki kwa muuguzi atakayekuja, na fundi wa sokoni ameagizwa wa pili, wenye neno moja tu: NJOO.

"Nataka karatasi iseme inachotaka kusema," anasema. "Basi. Nikiona hivyo, niiteni Mbu mpaka kaburini."

Kisha anamgeukia Yiu-wah, ambaye amefumba macho yote mawili.

"Umekula?"

"Sijala. Nilidhani tunafunga."

Ying anavuta pumzi ndefu, anaangalia tangazo lake mlangoni, na anatafuta mshipa.